Mkono wa Santuri

Watu wakinisifu kwa ile mashine huwa nawaacha wamalize, kisha nabadilisha mazungumzo. Kila fundi ana kazi moja asiyopenda kuulizwa, na yangu inaenea juu ya kisahani cha kikombe cha chai. Niliitengeneza kwa mikono yangu, kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwa baba, Kisarawe, mwaka ule kiharusi kilipomnyang'anya maneno.

Nyumba zilikuwa zimeshaanza kutii sauti tu. Hakuna swichi ukutani, hakuna rimoti ya kugombania. Unasema taa, taa inawaka. Unataja wimbo, wimbo unapigwa. Baba alipanda minara ya simu miaka thelathini na nne, na alipostaafu alihamia nyumba ya namna hiyo akijisifu kwamba sasa anakaa ndani ya mnara wenyewe. Alikuwa akiifokea siku nzima, nayo inaitikia.

Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia na ulimi. Akabakiwa na "eee", na "ta-ta", na kicheko chake, ambacho kwa sababu asizozieleza daktari kilibaki kizima. Aliporudi kutoka hospitali nyumba haikumtambua. Kwa hesabu zake mwenye nyumba alikuwa bado hajarejea, na huyu aliyeketi kwenye kiti chake ilimwandika mgeni asiyejulikana, mwenye huzuni. Kwa mgeni mwenye huzuni nyumba ilikuwa na dawa moja: filimbi na sauti ya maji yanayotiririka, asubuhi hadi jioni.

Niliwaandikia kampuni ya nyumba. Wakanijibu kwa upole kwamba mwenye nyumba anaweza kubadilisha utaratibu wakati wowote kwa kutamka jina lake kamili. Siku moja nikamkuta baba amevua kandambili ya kushoto na kuirusha kwenye kipaza sauti. Nyumba ikagundua kwamba mgeni ana fadhaa, ikaongeza filimbi.

Ndipo nilipoanza kukata vifuniko vya ndoo za aiskrimu. Nilikata sahani arobaini, kila moja pana kama biskuti. Nyuma ya kila sahani nikabandika kibandiko chembamba chenye chipu, vile wanavyoweka dukani kwenye nguo zisiibiwe. Mbele nikagundisha vipande vya kadi za salamu ambazo baba alizitunza kwenye kopo la kahawa tangu ujana wake. Kwa asiyeijua enzi hiyo: redio zilikuwa na watangazaji watu, na msikilizaji aliandika kwenye kadi majina ya anaowasalimu na wimbo anaoutaka, kisha akasubiri wiki nzima asikie jina lake hewani. Baba alikuwa bingwa wa salamu.

Sahani hazina wimbo ndani. Kila chipu ina namba tu. Mashine yenyewe ni mfano mdogo wa gramafoni, na chini ya kisahani chake kinachozunguka nilificha koili ya waya wa shaba. Ukiweka sahani, koili inaiamsha chipu, chipu inataja namba yake, namba inakwenda kwenye nyumba, na nyumba inautafuta wimbo wa namba hiyo ghalani kwake. Mota niliitoa kwenye gari la kuchezea. Mkono wa santuri niliutengeneza kwa mpini wa kijiko, na sindano yake haisomi chochote, ni pambo. Ila niliufanya uwe swichi: ukiushusha wimbo unaanza, ukiunyanyua unakatika. Nilidhani nimeongeza urembo.

Siku ya kwanza baba aliushusha kwa vidole vya kushoto, tarumbeta zikaanza. Akasikiliza kidogo, akaunyanyua. Kimya. Akanitazama. Akaushusha tena, akaunyanyua tena, labda mara kumi, na wala hakuwa anaijaribu mashine. Kwa miezi mitano hakuna mtu wala kitu kilichomsikiliza alipokataa. Nilikwenda kulia jikoni, na sioni haya kusema.

* * *

Haikupita wiki akadai kingine. Alichukua picha ya vijana wawili waliojifunga mikanda juu ya mnara, akagonga uso wa mmoja kwa kidole, kisha akagonga mashine. Akarudia mpaka nikaelewa. Nikatengeneza ya pili, nikaipeleka Tabora kwa basi.

Yule kijana wa kwenye picha alikuwa Mzee Mihambo. Yeye Mnyamwezi, baba Mzaramo, na kila mtu anajua hao ni watani. Lakini hawa wawili waliushika utani kama ajira ya pili. Kwenye kadi za salamu Mihambo alimwandika baba "Mla Nazi wa Kisarawe", baba akamjibu "Mbeba Mizigo wa Tabora", na nchi nzima inasikiliza. Mama yangu alipofariki, Mihambo alisafiri kutoka Tabora, akafika moja kwa moja makaburini, akaingia ndani ya kaburi na kugoma kutoka mpaka apewe jogoo, na mpaka baba aombe radhi hadharani kwa kumwoa mwanamke mzuri na kumlisha kisamvu miaka yote. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Baba alisema baadaye kwamba pale ndipo alipoweza kuvuta pumzi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na hakuna mwingine anayeweza kumfanyia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na niliona aibu tupu.

Mashine mbili niliziunganisha hivi: sahani ikiwekwa Kisarawe, wimbo unapigwa Kisarawe na Tabora kwa pamoja. Ikiwekwa Tabora, vilevile, na mkono ukinyanyuliwa upande wowote, wimbo unakatika kote. Kila Ijumaa baada ya sala wazee walikaa kila mmoja kwake, huyu anatuma wimbo, yule anajibu, mpaka alasiri. Mimi Ijumaa nilikuwa karakana kwangu, Gongo la Mboto. Nilichokijua nilikisoma kwenye kumbukumbu za nyumba: saa, namba ya sahani, dakika ilizopigwa. Nilikuwa nikiona tu kwamba Ijumaa jioni baba anakula sahani mbili za wali, na kifua chake bado kinatikisika kwa kicheko cha jambo lililopita mchana.

* * *

Mzee Mihambo alifariki mwezi wa tatu, Jumanne, kwa mapafu. Binti yake, Kalunde, alinipigia mimi kwa sababu baba hawezi kushika simu. Alilia, nikalia naye, kisha akaniomba nimwambie baba taratibu.

Jioni ile Shangazi Mwamvua, dada wa baba, alikuja na uamuzi tayari kichwani. Mgonjwa haambiwi msiba. Ndivyo ilivyofanyika kwa babu, ndivyo ilivyofanyika kwa wote. Daktari naye alishasema mzee asishtuliwe, mshipa mwingine ukipasuka ndiyo basi. Nilijaribu kusema kwamba Mihambo si ndugu wa mbali, ni mtani wake. Shangazi akaniuliza kama nataka kuzika wawili kwa wiki moja. Tuseme kweli, nilifurahi kushindwa, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuingia sebuleni na kuitamka ile habari.

Filimbi sikuweza kuibadilisha, lakini habari nyumba ilimwachia yeyote anayemhudumia mgeni, nikaiagiza izuie habari yoyote ya msiba isimfikie baba. Ikasema imeelewa. Keshokutwa yake Kalunde akauliza kwa simu kama mzee ameshajua. Ningesema hapana, angetaka kuzungumza naye, amsikie walau anavyohema. Nikasema ameshajua, amepokea, anaomba apumzishwe. Huo ulikuwa uongo wa pili na ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Ijumaa ikafika. Baba aliweka sahani yake, wimbo ukaisha, akasubiri. Akaweka nyingine. Alasiri ilipopita alikuwa bado ameushika ule mkono wa kijiko, na chakula hakukigusa. Ijumaa iliyofuata ikawa vilevile. Katikati ya wiki aliacha uji. Shangazi akasema, wewe si fundi, tafuta namna.

Nikatafuta. Nilikuwa na kumbukumbu za miezi minane, kila sahani aliyowahi kuweka Mzee Mihambo na kila wimbo aliokuwa akiujibu. Kwa hizo unaweza kuandika programu inayokisia: baba akituma huu, Mihambo angejibu ule. Ni kazi ya siku mbili. Kabla ya kuifundisha programu lazima kumbukumbu zisafishwe, zitolewe takataka, na hapo ndipo nilipokutana na kitu kilichonikera. Karibu nusu ya nyimbo za baba zilikuwa zimekatwa njiani kutoka Tabora. Dakika mbili, kimya. Dakika moja na nusu, kimya. Mara zote upande wa Mihambo ndio ulionyanyua mkono. Nikamhurumia marehemu. Nikasema vidole vya uzee vilikuwa vinamponyoka kwenye kijiko. Nikafuta mikato yote, nikabakiza nyimbo nzima, safi.

Niliketi na ile programu usoni kabla sijaiwasha. Nilijua ninachofanya. Nilijiambia ni dawa, na kwamba mtu hamwulizi mgonjwa ruhusa ya kumtilia sukari kwenye dawa chungu. Nilijiambia pia kwamba baba akipata nguvu nitamweleza. Lakini sauti pekee aliyobaki nayo baba yangu duniani ilikuwa ile mashine, na mimi nilikuwa naandika upande wa pili wa mazungumzo yake. Nikaiwasha.

Ijumaa ile baba alituma wimbo na Tabora ikajibu. Shangazi, aliyekuwepo, aliniambia kwamba mzee alipiga paja lake la kushoto kwa furaha mpaka yeye Shangazi akaogopa. Alikula. Kwa wiki nzima nilitembea kama mtu aliyefaulu mtihani.

* * *

Ijumaa ya tatu ya programu umeme ulikatika Gongo la Mboto, nikafunga karakana mapema, nikawahi Kisarawe. Nilimkuta baba amekaa wima mbele ya mashine. Uso wake haukuwa wa furaha. Alipoona nimeingia, akaweka sahani moja, akanionyesha kwa kidole nitazame.

Niliujua ule wimbo. Ni ule wa kuwacheka watu wa bara, wenye ubeti mrefu kuhusu mpagazi aliyebeba mzigo hadi pwani akasahau aliubeba wa nini. Baba alikuwa akiuomba redioni kwa kadi miaka ya ujana wake kila Mihambo anapoanza likizo. Ukapiga ubeti wa kwanza. Ukapiga wa pili, ule wa matusi yenyewe. Baba alikuwa ameinama, sikio karibu na kijiko, anasubiri kitu. Ukapiga wa tatu. Wimbo ukaisha wote, na kutoka Tabora ukaja wimbo wa mapenzi, mtamu, mzima, wenye adabu.

Baba akaunyanyua mkono akaukata. Akanyoosha kidole Tabora, upande wa magharibi, kisha akafanya ishara ya kunyanyua: juu. Juu. Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwangu.

Hapo nikaelewa ile mikato. Kwa miezi minane Mihambo hakuwahi kuacha wimbo wa utani wa Mla Nazi ufike mwisho. Alikuwa akisubiri pale unaponoga, ananyanyua, na baba huku anacheka mpaka machozi. Huo ndio ulikuwa utani wao, waliubuni kwenye swichi niliyoiweka kwa urembo, na mimi niliufuta nikidhani ni takataka.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa amenitazama usoni, anajua kuna kitu, anauliza kwa namna pekee aliyonayo.

"Mtandao wa Tabora unasumbua, baba," nikasema.

Nyumba za namna ile zina adabu ya kijinga. Ukivuka mlango, simu zako zinajipokea zenyewe kwenye vipaza sauti vya ukutani ili usihangaike kutoa simu mfukoni. Nilikuwa nimezuia habari za msiba zinazokuja kwa baba. Simu zangu mimi sikuzikumbuka, maana Kalunde daima alinikuta karakana. Sauti ya Kalunde ikajaa sebule nzima.

Hakusalimu. Alisema Jumapili ya wiki ijayo wanamaliza arobaini na kuna jambo limemkaa kooni, bora alitapike. Alisema mashine ya marehemu haikuzimwa, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuizima, na tangu wamemzika baba yao inapiga nyimbo kila Ijumaa katikati ya waombolezaji.

"Za baba yako tunazitambua," akasema. "Lakini sasa wiki ya tatu inapiga na za baba yetu. Sahani zake ziko kwenye kopo, hakuna aliyezigusa. Mama anaamka, anaganda. Dada Siwema, nani anapiga nyimbo za maiti?"

Sikumtazama baba.

"Siku ya mazishi tulimsubiri mtani wake," Kalunde akaendelea, na sasa alikuwa analia. "Tulichelewesha kufukia. Tulijua ni mgonjwa, hatukutaka asafiri. Angetupigia simu akakohoa tu, tungejua ni yeye. Ukasema amepokea. Amepokea, halafu kimya, halafu muziki. Kaburi la baba limefukiwa hakuna hata mtu mmoja aliyelikalia."

Nyuma yangu nilisikia kiti kikilia. Baba alikuwa anateremka sakafuni. Nilikimbia kumshika, akanisukuma kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Akakaa chini kwenye mkeka, mguu mmoja umepinda vibaya, kama wanavyokaa waliofiwa. Akaivuta mashine kutoka mezani mpaka mapajani.

Akatafuta kwenye kopo lake, sahani baada ya sahani, mpaka akaipata aliyoitaka. Ulikuwa wimbo alioupenda Mihambo kuliko zote, ule wa gitaa refu. Akaushusha mkono. Kisarawe na Tabora zikaanza kusikiliza pamoja. Kupitia simu niliusikia ukipiga na kule, nyuma kidogo ya huku. Gitaa likapanda, likafika pale pale linaponoga.

Baba akanyanyua.

Kimya huku, kimya kule. Akaushusha tena. Gitaa, gitaa, akanyanyua. Mtani msibani humwigiza marehemu, hutembea kama yeye, hukohoa kama yeye, na baba alikuwa anamwigiza Mihambo kwa kidole kimoja. Mara ya nne akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko chake kilekile, kizima, na machozi yanateremka upande mmoja tu wa uso, upande unaohisi.

Kule Tabora kulikuwa na vishindo, watu wanasogea. Kisha nikasikia sauti ya bibi, mke wa Mihambo, ikicheka na kupasuka kilio kwa pumzi moja. Kalunde akarudi kwenye simu.

"Mama anasema huyo sasa ndiye Mla Nazi. Anauliza, alikuwa wapi siku zote hizi?"

Baba akajaribu. Akasema "ta". Akasema "ta-ta", akakunja uso, akasukuma hewa, na neno halikuja. Kisha akanigeukia ili nimsemee. Alikuwa hana mtu mwingine wa kumsemea.

"Nilimficha mimi," nikasema. "Hakujua mpaka sasa hivi. Zile nyimbo za marehemu nilikuwa napiga mimi, kwa programu."

Kalunde hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alikata simu, na nyumba, ilipoona sebule ina kimya na watu wawili wenye huzuni, ikaanzisha filimbi.

* * *

Mshtuko tuliouogopa haukumuua. Alilia siku tatu, Shangazi anazunguka kiti chake na maji ya sukari mkononi, siku ya nne akaomba uji kwa kugonga kikombe. Daktari alimpima akasema presha imeshuka. Shangazi alisema ni Mungu.

Programu niliifuta, kumbukumbu nikazirudisha zilivyokuwa, na mikato yake yote. Niliomba radhi Tabora kwa sauti na kwa barua. Baba nilimwomba nikiwa nimepiga magoti, naye aliniwekea mkono kichwani, ule mzima, kama anavyomwekea kila anayempigia magoti. Hakuna aliyenifukuza.

Siku hizi Ijumaa mjane wa Mihambo anaweka sahani za marehemu kule Tabora, baba anajibu huku. Ananyanyua yeye, ananyanyua yule bibi, na Shangazi anasema kwamba bibi ana ukatili kuliko mumewe, hamwachii Mla Nazi hata ubeti mmoja. Nimefunga karakana siku za Ijumaa ili nishinde nyumbani. Nilitaka kukaa naye, nisikie kwa masikio yangu kile nilichokisoma miezi yote kwenye namba.

Nikiingia sebuleni, baba ananyanyua mkono. Wimbo unakatika Kisarawe na unakatika Tabora. Hanikunjii uso wala hanifukuzi. Anasubiri tu, vidole vyake viko juu ya kijiko, na kule magharibi bibi naye anasubiri, nadhani anajua. Nikisema baba endelea, anatazama dirisha. Nikitoka, kabla mlango haujafunga sawasawa, nasikia anaushusha.

Basi nakaa barazani. Nyumba hizi zilijengwa zisivujishe sauti, kwa hiyo tarumbeta sizipati, wala maneno. Napata besi tu, na pale inapokatika.